Mchongoko, treni ya kati au TAZARA: kabla hujakata tiketi

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mbagala. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa amemaliza kliniki ya goti, anataka kurudi kwake Tabora, na habari ya basi hataki hata kuisikia.

"Shikamoo mjomba. Bibi anasema treni. Sasa treni ipi? Ya umeme inaishia Dodoma. Ya zamani inafika, ila kila ninayemuuliza ananitisha. Halafu kuna shoga yangu anasema TAZARA ndiyo tamu kuliko zote."

Marahaba, nikamwambia, ila TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia, haifiki Tabora hata uisomee dua.

Tulicheka, lakini swali lenyewe si la kucheka. Tangu treni ya umeme ianze nimeulizwa hivyohivyo na jirani aliyehamishiwa Dodoma kikazi, na kijana anayesoma Mbeya, na mama mmoja wa Kigoma anayeleta dagaa Kariakoo. Kila mmoja alitaka nimtajie treni moja tu. Sikuweza, na hapa pia sitaweza, maana kila mtu ana mzigo wake, goti lake na mfuko wake. Ninachoweza ni kuziuliza zote tatu maswali yaleyale, uchague mwenyewe.

Niseme mapema ninakotokea. Nimekulia kota za reli Tabora. Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa genge, wale wanaotembea juu ya mataruma na nyundo begani, wakikaza boliti zilizolegea na kurudisha kokoto zilizokimbia. Mpaka leo nikipanda treni macho yangu yanakwenda chini kwanza, kwenye njia, ndipo yapande kwenye siti.

Reli tatu zisizoingiliana

Watu wengi hudhani hizi ni treni tatu za shirika moja, ya zamani, ya zamani kidogo na mpya. Sivyo. Ni njia tatu zenye upana tofauti. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000, ndiyo maana huitwa ya mita. TAZARA ina 1,067. Ya umeme, SGR, ina 1,435. Behewa la moja haliwezi kukanyaga reli ya nyingine, na mzigo unaotaka kuhama kutoka ya kati kwenda TAZARA hushushwa na kupakiwa upya pale Kidatu. Kwa abiria maana yake ni hii: njia yako ikiziba, hakuna treni ya jirani itakayokuja kukuchukua. Unasubiri ya kwenu.

Na kila moja ina upande wake wa nchi. Kutoka Dar, ya kati inapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ndipo inagawanyika: moja Kigoma, moja Mwanza, na tawi la Mpanda linachepukia Kaliua. Ipo pia ile ya kaskazini ya Moshi na Arusha, nayo ni ya mita. TAZARA inakwenda kusini-magharibi, Ifakara, Makambako, Mbeya, Tunduma, hadi Zambia. SGR kwa sasa inakufikisha Morogoro na Dodoma; vipande vya kwenda Tabora, Mwanza na Kigoma vinajengwa. Kwa hiyo ushindani wa kweli uko Dar hadi Dodoma tu. Zaidi ya hapo ni kuunganisha, au ni treni dhidi ya basi.

Nitakavyozipima

Nauli na muda kila mtu anauliza. Mzigo, chakula na usingizi nitavigusa, kwa sababu safari ya siku moja na nusu bila chakula si safari, ni adhabu. Lakini nitaanza na swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza: treni hiyo inasimamaje?

Mtu akitaka kujua usalama huuliza inakimbia kiasi gani. Baba mdogo alikuwa anacheka swali hilo. Alisema kukimbia kila treni inaweza, hata kiberenge kinakimbia. Kazi iko kwenye kusimama.

Breki za treni hutumia hewa. Bomba linapita chini ya mabehewa yote, na likijaa hewa ndipo breki zinaachia magurudumu. Bomba likikatika, au behewa likichomoka, hewa inatoka na breki zinabana zenyewe. Aliyebuni hilo alikuwa na akili, maana kuharibika kwenyewe ndiko kunakosimamisha. Lakini kuna upande wa pili. Treni ikikaa imesimama muda mrefu bila injini kuongeza hewa, hata ile hewa inayobana huvuja taratibu. Ndiyo maana kwenye mteremko hufungwa breki za mkono, behewa kwa behewa, na kuwekwa vigingi chini ya magurudumu.

Wenye umri wangu tunajua jina la mteremko ule: Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ya reli ya kati iliyobeba watu zaidi ya 1,200 ilipata hitilafu ya breki ikipanda kati ya Msagali na Igandu, mkoani Dodoma. Ikarudi nyuma. Ikateremka kinyumenyume, ikizidi kushika kasi, hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Wakafa watu 281. Haikuwa treni ya mbio. Ilikuwa inapanda kilima polepole, na ikashindwa kusimama.

Nyumbani kwetu siku ile redio haikuzimwa. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda mlangoni na hakusema neno mpaka usiku.

Kigezo cha pili ni mahali inaposimama na nini kinakukuta hapo. Miaka kadhaa iliyopita, katika safari ya usiku ambayo njia yake sitaitaja, tulisimama porini. Taa zimefifia, dirisha nimeliacha wazi kwa joto, simu nimeilaza kwenye kibao karibu na kichwa. Mkono uliingia mara moja tu. Sikuona hata uso, niliona bangili ya shaba na kiwiko. Abiria wa kitanda cha juu aliniuliza kwa upole, "Umeshaibiwa eeh?" kana kwamba ananiuliza kama nimeshakunywa chai. Tangu siku hiyo naamini kwamba abiria wa kawaida huumia zaidi treni ikiwa imetulia kuliko ikiwa inakwenda: wizi wa dirishani, kuruka kabla haijakoma, kupanda na mtoto mgongoni huku ndoo iko mkononi.

Basi, tuzichukue moja moja.

Treni ya umeme (SGR)

Wengi wanaiita yote mchongoko, lakini mchongoko hasa ni ile yenye pua iliyochongoka, ambayo mota zake zimo humohumo kwenye mabehewa. Nyingine ni ya kawaida, inavutwa na kichwa cha umeme. Safari za Dar hadi Morogoro zilianza Juni 2024, za Dodoma Julai mwaka huohuo, na Rais Samia akazizindua rasmi tarehe 1 Agosti.

*Njia na breki.* Njia imesanifiwa treni ya abiria iende hadi kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo treni huhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, yaani dereva akiona kitu mbele kwa macho ameshachelewa. Kwa hiyo hawategemei macho peke yake. Mfumo wa ishara, unaoitwa ETCS, unajua treni iko wapi na inaruhusiwa kufika wapi. Dereva akipitiliza mwendo, mfumo unabana breki wenyewe. Pembeni kuna uzio, na barabara na mifugo vinapita juu au chini ya reli badala ya kuikata. Kule Kilosa, ambako reli ya zamani inahangaika na mto, hii mpya imetoboa milima ikaingia mahandakini.

Udhaifu wake uko juu, kwenye waya. Umeme ukikatika, treni inalala. Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilikwama na shirika la reli likaeleza kuwa chanzo ni bundi na ngedere waliogusa miundombinu ya umeme. Nchi nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, lakini nikajiuliza kuhusu waliomo ndani, maana madirisha ya treni hii hayafunguki. Ubaridi ukizimika, joto ni lako. Nenda na maji, hata kama safari ni fupi.

*Inaposimama.* Hapa ndipo inapozipita zote kwa mtu mwenye goti bovu. Jukwaa liko usawa mmoja na mlango. Unatoka kama unavyotoka sebuleni kwenda barazani. Milango inajifunga na haifunguki treni ikitembea, kwa hiyo habari ya kuning'inia au kuruka haipo. Mizigo inapita kwenye mashine, tiketi ina jina lako, na utaombwa kitambulisho. Ila vituo viko mbali na katikati ya mji, Morogoro na Dodoma vilevile. Ukifika usiku, panga mapema bajaji itakayokupokea. Usianze kutafuta gizani na begi mkononi.

*Muda na nauli.* Dar hadi Dodoma ni kama saa tatu na nusu hadi nne, kutegemea umekata ya haraka au ya kawaida. Basi linakula siku nzima. Nauli ya kawaida ilianzia shilingi 13,000 kwa Morogoro na 31,000 kwa Dodoma. Hakikisha ya leo kabla hujaondoka. Na inaondoka kwa saa yake. Nimeshuhudia mzee aliyezoea treni za kuvizia amesimama nje ya geti, tiketi anayo, treni anaiona, na geti limeshafungwa.

*Mzigo na tumbo.* Hii si treni ya magunia. Begi la nguo sawa, kiroba cha mchele wa zawadi kitakuletea maneno. Chakula kipo cha kununua ndani, lakini hakuna mtu atakayekuinulia mahindi ya kuchemsha dirishani.

Inamfaa mwenye shughuli ya siku moja Dodoma au Morogoro, mgonjwa, mzee, mama mwenye mtoto mchanga, na yeyote anayeogopa barabara ya Morogoro. Haimfai mfanyabiashara wa mzigo, wala anayependa kuamua asubuhi ileile kwamba leo nasafiri.

Treni ya kati, reli ya mita

Wajerumani waliianza Dar mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Waingereza wakaongeza Tabora hadi Mwanza, ikakamilika 1928. Siitaji historia kwa kujionyesha. Sehemu kubwa ya njia bado inapita palepale walipoichora watu wale, na matatizo yake mengi yanatoka hapo.

*Njia na breki.* Kati ya Kilosa na Gulwe reli inakwenda sambamba na mto Mkondoa. Mvua zikichachamaa mto unahama, unakula tuta, reli inabaki inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi iliyolala. Nimeiona kwa macho, na sijawahi kuisahau. Masika, kabla ya kukata tiketi, uliza kwanza kama njia imefunguka.

Igandu nimeshaisimulia. Juni 2022 treni iliyotoka Kigoma kuelekea Dar ilianguka Malolo, Tabora, wakafa watu wanne. Nayataja haya ili kumpa abiria picha kamili, maana upande wa pili wa mizani upo: mwendo wake ni mdogo, na mara nyingi behewa likitoka relini linainama kwenye kokoto, watu wanashuka wakilaani na kutafuta kivuli. Aliyepanda basi la usiku barabara hizohizo hana cha kujivunia.

Hatari kubwa zaidi ya reli hii, kwa maoni yangu, haiko ndani ya treni. Iko kwenye makutano na barabara. Novemba 2023 pale Manyoni basi na treni viligongana, watu 13 wakapoteza maisha, na hao walikuwa wa barabarani. Hapa Dar, Buguruni na Vingunguti, reli ni uchochoro wa watu kupita, wengine wanaanika nguo na wengine wanapanga nyanya. Treni ya abiria wa mjini, tuliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza mwaka 2012, wapo waliokuwa wananyanyua meza zao ipite kisha wanazirudisha. Treni haina usukani wa kukukwepa. Kama unaishi karibu na reli, sehemu hii inakuhusu kuliko mwenye tiketi.

*Inaposimama.* Inasimama sana, na huo ndio utamu wake na ndio mtego wake. Utamu: kuku wa Saranda, asali ya Tabora kwenye chupa za maji, karanga, mikeka, miwa, biashara yote inafanyika kwa kuinua mikono, chenji inarushwa treni ikiwa imeshaanza kutambaa. Mtego: usiku, vituo vidogo, giza. Kwenye vyumba vya kulala utapewa kipande cha mti cha kukazia dirisha. Usikidharau, kile kipande kina thamani kuliko kufuli lako.

Mlango nao uko juu, ngazi ni za chuma na wakati mwingine unashukia kwenye kokoto tupu. Na kuna kikumbo. Asiyezoea hakijui hiki: treni ikikaribia kusimama, mabehewa yanasukumana kutoka mbele kwenda nyuma, ga-ga-ga, na pale unapodhani imetulia kinakuja cha mwisho, kizito. Aliyeshasimama na ndoo kichwani anakwenda chini. Baba mdogo alitufundisha tukiwa wadogo kwamba treni haijasimama mpaka ipige kikumbo. Nyumbani kwetu hakuna mtu anayenyanyua makalio kabla ya hapo, hata kama kituo chenyewe ndicho chetu.

*Muda na nauli.* Dar hadi Kigoma hesabu siku moja na nusu kwa ratiba, na kwa uzoefu weka usiku mmoja wa akiba. Daraja la tatu ndilo la bei ya chini, kisha la pili la kukaa, kisha la pili la kulala lenye vitanda sita chumba kimoja, wanawake kwao na wanaume kwao. Treni ya Deluxe, iliyoanza 2015, ina vituo vichache na unafuu kidogo. Ratiba hubadilika, na treni kuanzia njiani badala ya Dar si jambo la ajabu, kwa hiyo uliza stesheni yenyewe, usiamini picha ya ratiba uliyotumiwa kwenye kundi la familia.

*Mzigo na tumbo.* Hapa haina mpinzani. Ndoo ya mawese, kiroba cha migebuka mikavu, godoro, baiskeli, kuku hai, vyote vina pa kwenda, iwe chini ya kitanda au behewa la mizigo. Chakula cha ndani kipo, wali na nyama, na cha nje kipo kila kituo.

Inamfaa anayekwenda Tabora, Kigoma, Mpanda au vijiji vya katikati ambako basi halifiki, mwenye mzigo, mwenye muda, familia inayoweza kuchukua chumba chote. Haimfai mwenye miadi.

TAZARA

Ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ipate njia ya bahari bila kupita kwa makaburu. Wazee bado wanaiita reli ya Uhuru.

*Njia na breki.* Kwa ujenzi, ni kazi ya watu waliokusudia idumu. Kipande cha Mlimba hadi Makambako kinapanda nyanda za juu kwa handaki baada ya handaki na madaraja marefu; ukitoa kichwa (usitoe) unaona mkia wa treni yako mwenyewe ukiwa bado upande wa pili wa bonde. Shida yake ni umri na uchache wa vichwa na mabehewa mazima. Safari za abiria zimewahi kusitishwa zaidi ya mara moja, na sasa reli iko kwenye mpango wa ukarabati kwa mkataba na kampuni ya CCECC ya China. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu TAZARA si nauli. Piga simu au nenda kituoni, uliza kama wiki hiyo treni ya abiria ipo.

*Inaposimama.* Vituo vikubwa ni vya zege, vipana, vyenye kivuli. Vidogo ni giza, na kanuni ya dirisha ni ileile. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha pili sita, na hawachanganyi wanaume na wanawake isipokuwa mmenunua chumba chote. Wanawake wengi ninaowajua wanaosafiri peke yao wanasema kanuni hiyo ndiyo inayowapa usingizi. Mpakani, Tunduma na Nakonde, watapanda maofisa na watapanda wabadilisha fedha. Maofisa wape pasi. Wabadilisha fedha hesabu nao polepole, mchana, na usiku usihesabu nao kabisa.

*Muda na nauli.* Dar hadi Mbeya ni usiku mmoja na zaidi. Kapiri Mposhi ni siku mbili nzima zikienda vizuri, na si mara zote zinakwenda vizuri. Nauli yake, ukilinganisha na umbali na kitanda unacholalia, mimi huiona ya huruma.

*Mzigo na tumbo.* Mchele wa Mbeya, ndizi, viazi, vyote vinasafiri. Kuna behewa la chakula, na kuna baa, ambayo baada ya saa nne usiku inakuwa na mambo yake. Halafu kuna kitu ambacho hakimo kwenye vigezo vyangu ila nitakitaja: mchana inapokata kingo za hifadhi ya Nyerere unaona twiga na swala kutoka kitandani, na siku ya bahati tembo. Mtalii analipa dola nyingi kuona hayo. Wewe unayaona unamenya yai.

Inamfaa anayekwenda Kilombero, Mlimba, Mbeya au Zambia bila haraka, na anayetaka safari yenyewe iwe sehemu ya likizo. Mwanafunzi anayefungua chuo Jumatatu apande basi.

Basi je?

Najua utauliza. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, na kwa Mbeya na Mwanza basi linashinda treni kwa muda bila mjadala. Kwa Dodoma limeshindwa. Kwa usalama, msimamo wangu ni kwamba nikiwa na chaguo la reli iliyo wazi na ratiba inayoeleweka, barabara naiacha. Lakini mimi ni mtoto wa kota za reli; mizani yangu inaegemea upande, nawe uijue hivyo.

Kwa hali yako

Unakwenda Dodoma kikazi na kurudi: SGR, kata tiketi mapema, mwisho wa wiki zinaisha. Una mzigo wa biashara kwenda Dodoma: ya mita kama ratiba yake inakukubali, au utume mzigo kwa lori na wewe upande ya umeme.

Unakwenda Tabora au Kigoma na una afya na vitu vingi: ya mita moja kwa moja, chumba cha kulala, dirisha limekazwa. Unakwenda hukohuko lakini unaogopa usiku mbili: panda ya umeme hadi Dodoma, lala, kisha unganisha na ya mita au basi. Kumbuka kituo cha SGR na stesheni ya zamani Dodoma si mahali pamoja, kuna bajaji katikati. Masika, uliza njia kwanza.

Unakwenda Mbeya na kuna mtoto ambaye hajawahi kuona handaki: TAZARA, ukishahakikisha ipo. Mnasafiri familia ya wanne: nunueni chumba kizima cha daraja la kwanza, mfunge mlango kwa ndani.

Mwanamke peke yake, usiku: kati ya treni za kulala chagua chumba cha wanawake, na kitanda cha juu kabisa, mkono wa dirishani haukifikii.

Na popote ulipo, mtoto asicheze mlangoni, na wewe mwenyewe usivuke reli ukiwa na vipokea sauti masikioni. Ya umeme haina mvuma ule wa injini ya dizeli uliozoea kuusikia kutoka mbali.

Mama tulimpandisha ya umeme, asubuhi, na ndoo yake ya sabuni ikaenda na mtu wa lori. Mpwa wangu alimsindikiza hadi Dodoma, wakalala kwa ndugu, kesho yake wakaunganisha na ya mita. Alinipigia usiku ule kutoka Dodoma akiwa bado anacheka. Walipita Igandu mama ametulia anachungulia nje, kimya, shanga za tasbihi mkononi. Walipofika Dodoma milango ikafunguka, watu wakateremka, behewa likabaki tupu, na bibi bado amekaa, mkoba umebanwa kwapani, miguu imekaza sakafuni. Mhudumu akaja, "Bibi, tumefika."

"Najua mwanangu," akamjibu. "Nasubiri kikumbo."